Acha kuandika "bei inboksi": nnavyouza mashuka kwa simu bila kuwa na duka

Mi nauza mashuka. Duka sina, nina chumba kimoja Tandika hapa Dar nimekigeuza stoo, na simu ya Android ambayo kioo kimepasuka pembeni. Mzigo natoa Kariakoo kwa jumla, nikirudi nauzia mtandaoni. Kila wiki kuna mtu ananiuliza "we unafanyaje mbona mi naposti watu wanalaiki tu hawanunui", sasa leo naandika yote hapa ili nikiulizwa tena nitume tu.

Tuanze na bei maana hapa ndo wengi tunajiua wenyewe. Unaposti mzigo mzuri halafu chini unaandika "bei inboksi" au "njoo DM". Mteja yuko kwenye daladala, bando linaisha, hakujui, akiona bei imefichwa anajua unataka umwangalie kwanza ndo umpangie bei. Anapita. Mtaniambia mnaficha ili washindani wasione, jamani, mshindani wako anatoa mzigo ghorofa lilelile unalotoa wewe, bei anaijua kabla yako! Kapsheni yangu huwa iko hivi: "Mashuka 2 foronya 4, futi 7 kwa 8, kitanda cha 5 kwa 6 na 6 kwa 6 yanaenea, 38,000. Nipo Tandika, Dar naleta kwa boda nauli yako, mkoani natuma kwa basi." Basi. Anayekuja inboksi hapo haji kuuliza bei, anakuja kusema anataka rangi gani.

Picha sasa. Mwanzoni nilikuwa naposti picha anazonitumia yule ninayetoa kwake mzigo, zile za kitanda cha kifahari na taa mbili pembeni, kumbe picha ni ya kiwandani huko na haifanani kabisa na mzigo uliopo. Nikamtumia mama mmoja wa Dodoma shuka la bluu, picha ilikuwa bluu ya bahari, alilopokea ni bluu ya yunifomu ya shule. Voisi noti aliyonirushia sitaki kuikumbuka. Hela nikarudisha, nauli ya basi kwenda na kurudi nikalipa mimi, tangu siku hiyo sijawahi kuposti picha ambayo sijapiga mwenyewe.

Na kupiga sio shughuli, huhitaji ringilaiti wala kamera. Tandika shuka kitandani kwako, fungua dirisha, saa 3 asubuhi hivi kabla jua halijawa kali, zima flashi, futa kioo cha kamera kwa kanga maana kimejaa mafuta ya vidole. Filta usiguse, filta ndo inayobadilisha rangi halafu unakuja kugombana na watu. Piga moja ya kitanda kizima, moja ya karibu ionyeshe nyuzi, na moja umeingiza mkono kwa chini ya shuka ili mtu aone kama ni jepesi au zito.

Ila video iliyoniuzia kuliko zote sio ya kitanda. Ni ya beseni. Nilichukua shuka jipya jekundu nikalizamisha kwenye beseni jeupe lenye maji na sabuni, nikalisugua, nikalitoa, nikaonyesha maji, meupe vilevile. Haifiki hata dakika, sauti yangu tu na kuku wa jirani anawika nyuma. Kwanini iliuza? Kwasababu kila mwanamke aliyewahi kununua shuka la barabarani anaogopa kitu kimoja, kuchuja, nami nikamjibu kabla hajauliza. Kwahiyo we tafuta kwenye biashara yako beseni lako ni lipi. Kama unauza viatu kunja soli mbele ya kamera, kama ni sufuria onyesha unene wa kitako, kama ni keki ikate ndani ionekane.

Mahali pa kuposti: kwangu WhatsApp ndo duka, huko kwingine ni kuita watu tu. Pakua WhatsApp Business, ni bure, ina katalogi unaweka picha na bei, mtu anajichagulia mwenyewe usiku umelala. Ina na lebo, kwamba huyu ameoda, huyu bado kulipa, huyu kamaliza, kwa tunaosahau sahau inaokoa sana. Kitu ambacho wengi hawajui, stetasi yako inaonwa na mtu ambaye mmeseviana namba wote wawili, usipomsevu au yeye asipokusevu hakuoni, hata ile brodkasti, yaani ujumbe mmoja unaorusha kwa wengi kwa mpigo, haimfikii kama hajakusevu. Ndo maana kila mteja akinunua namwambia "dada nisevu Mashuka Tandika, mzigo mpya naweka stetasi", nami hapohapo namsevu. Na stetasi zenyewe usirushe 30 kwa mkupuo, mtu anabonyeza mpaka mwisho bila kusoma. Tano zinatosha, na zinafutika baada ya saa 24 kwahiyo kesho unaanza upya.

Instagram, na TikTok kama akaunti yako inaruhusu linki, weka kwenye profaili linki ya kumleta mtu WhatsApp moja kwa moja. Unaandika wa.me/ halafu 255 halafu namba yako bila ile sifuri ya mwanzo, bila alama ya kujumlisha, bila nafasi. Watu wanaweka namba kama maandishi, mteja aanze kuikariri, nani ana huo muda. Facebook ingia vikundi vya mitaa yenu, usidharau, kina mama wengi wako huko. Muda wa kuposti kwangu ni kuanzia saa 2 usiku watu wakishakula, na mauzo makubwa ni kuanzia tarehe 25 mpaka 5 mishahara ikitoka. Januari naposti nisisahaulike tu maana hela yote iko kwenye ada.

Blogu watu wanaona ni ya habari tu kama ya Michuzi enzi zile, hapana. Posti ya Instagram ikipita siku mbili imekufa, ila ukurasa wa blogu mtu anaukuta Google hata mwaka ujao. We chukua maswali ya wateja yanayojirudia inboksi, kila swali andikia ukurasa mmoja kwa maneno yaleyale wanayouliza: "Shuka la kitanda cha 6 kwa 6 ni futi ngapi", "Jinsi ya kujua shuka la pamba". Blogger, ile ya Google ya kufungulia blogu, ni bure. Ila Tanzania maudhui ya mtandaoni yana kanuni zake tangu 2018, zimeshafanyiwa mabadiliko, pita kwanza kwa TCRA, mamlaka ya mawasiliano, usome leseni inawagusa kina nani kabla hujafungua. Na kama una fremu sehemu, jisajili Google uonekane kwenye ramani, ni bure, siku hizi mara nyingi wanataka uwatumie video ya eneo lako kuhakikisha upo kweli.

Kusponsa tangazo usikimbilie. Subiri posti moja ifanye vizuri yenyewe, watu waulize, ndo hiyohiyo uiwekee hela kidogo, chagua Dar kwanza. Tangazo baya ukilisponsa unawaonyesha watu wengi zaidi ubaya wake.

Malipo: tumia lipa namba yenye jina lako, na skrinshoti ya muamala sio hela, zinatengenezwa. Fungua salio lako mwenyewe uone ndo umpe boda mzigo. Na wewe pia mteja anakuogopa hivyohivyo, kwahiyo ukituma mkoani piga picha kifurushi kikiwa na jina lake, piga risiti ya basi, mpe namba ya gari na muda linapotoka, umtumie vyote kabla hajaanza kuuliza.

Akishapokea usimwombe maoni mazuri, mwombe picha ya kitanda chake kikiwa kimetandikwa na ruhusa ya kuiposti. Wengine hawataki chumba chao kionekane, hao waombe voisi noti ya sekunde kumi, naweka stetasi na picha ya shuka lenyewe juu.