Somo: Matairi ya 4x4 hapa Mombasa huzeeka kabla ya kuisha meno

Swali ninaloulizwa sana ni hili: matairi ya Prado hudumu kilomita ngapi? Huwa najibu kwamba inategemea Prado hiyo yalala wapi na yaenda wapi. Ile inayopanda Nairobi na kushuka kila wiki itamaliza meno. Lakini hizi zetu nyingi, za kupeleka watoto skuli Nyali na Jumapili kufika Kilifi, hazimalizi meno. Zinashinda juani mpaka raba ikakauka.

Mimi nilifunzwa na barabara, karibu na Mackinnon Road, saa saba mchana, gari limejaa mizigo na watoto. Tairi la nyuma kushoto lilikuwa na milimita 6 za meno, ukiligusa waona bado kijana. Likapasuka. Nilipolitazama vizuri pale kando nikakuta lina miaka tisa. Nilikuwa nimelinunua "jipya" miaka minne nyuma. Kumbe lilikaa dukani miaka mitano likinisubiri mimi.

Hesabu ya kilomita naitoa mapema, maana najua ndiyo mliyoijia. Tairi la lami, lenye alama H/T, likitunzwa kwa kawaida hufika 60,000 hadi 80,000. La mchanganyiko, A/T, 50,000 hadi 70,000. La matope, M/T, lile lenye meno makubwa linalonguruma barabarani, 30,000 hadi 50,000, na ukilitembeza kila siku kwenye lami ya moto, shika ile hesabu ya chini. Sasa tuone yako yako wapi.

Hatua ya 1: Soma tarehe ya kuzaliwa

Ubavuni mwa tairi tafuta herufi DOT, kisha nambari nne za mwisho. 2319 maana yake wiki ya 23, mwaka 2019. Zikiwa tatu tu, tairi ni la kabla ya mwaka 2000, usilipeleke popote. Ukiiona DOT bila nambari nne, zimeandikwa upande wa ndani: chukua tochi ya simu uingie chini ya gari. Ni uvivu wa dakika hiyo moja ulionifikisha Mackinnon Road.

Tairi likipita miaka 5, lichunguzwe na fundi kila mwaka. Miaka 10 ndio mwisho wanaoutaja watengenezaji wengi, hata kama meno yamejaa. Mimi kwa jua letu nimejiwekea 7. Hiyo ni sheria ya nyumbani kwangu, si ya kiwanda. Tazama pia nyufa ndogondogo ubavuni na kwenye mizizi ya meno, kama ardhi iliyokosa mvua. Na usiisahau spea. Ile iliyoning'inia mlango wa nyuma huota jua mwaka mzima bila kutembea hata hatua, halafu siku ya shida twaitegemea ituvushe Tsavo.

Jambo jingine: kama gari lako limeshuka bandarini kutoka Japani na bado lina matairi yake ya huko, tafuta neno STUDLESS. Hayo ni matairi ya theluji. Raba yake imefanywa laini ili ishike kwenye barafu, na kwenye lami ya Mombasa huliwa kama kifutio cha mwanafunzi. Nimeyaona yakiuzwa yakisifiwa "origino ya Japani". Origino kweli, lakini ya baridi.

Hatua ya 2: Pima meno, kisha piga hesabu

Rula ya skuli yatosha. Pima mfereji sehemu tatu: ukingo wa nje, katikati, ukingo wa ndani. A/T jipya huwa na milimita 10 hadi 12. Ndani ya mifereji kuna vijiti vya raba. Vikilingana na meno, umebakiwa na milimita 1.6 na tairi limekwisha. Usingoje hapo. Mvua za Mei zikimwagika na maji yakatuama barabarani, tairi lililo chini ya milimita 3 huelea.

Mfano: yalikuwa 11, leo ni 8, umetembea kilomita 24,000. Kila milimita imekupa 8,000. Toka 8 hadi 3 ni milimita tano, yaani kilomita 40,000 zaidi. Raha, sivyo? Lakini kama kwa mwaka watembea 8,000 tu, hiyo ni miaka mitano, na tairi leo lina minne. Litafika tisa, na mwisho wangu ni saba. Kwa hiyo meno hayatakwisha, umri utatangulia. Fanya hesabu zote mbili na ushike ile inayofika kwanza.

Meno pia hueleza maradhi ya gari. Kingo zote mbili zimeisha: upepo mdogo. Katikati pameisha: upepo umezidi. Upande mmoja tu: alaimenti, yaani magurudumu hayajanyooka. Mabonde na vilima ukipapasa: shokabzoba zimechoka.

Hatua ya 3: Yalinganishe yote manne

Kwa gari dogo la kuvuta mbele waweza kubahatisha hapa. Kwa 4x4, hapana.

Chukua saizi 265/65R17. Likiwa jipya, mzunguko wake ni kama mita 2.44. Liweke na mwenzake aliyeisha milimita 5 zaidi: mzunguko wa yule mzee umepungua kama sentimita 3. Ni kidogo kwa macho, lakini kila kilomita yule mzee huzunguka kama mara tano zaidi ili asiachwe. Hapa hadi Nairobi, kilomita 480 hivi, ni mizunguko kama 2,500 ya ziada. Nani anayebeba tofauti hiyo? Difu, zile gia zinazoyaruhusu magurudumu kuzunguka kwa kasi tofauti. Kwenye Prado inayovuta magurudumu manne wakati wote, mbele yakiwa mapya na nyuma yamechoka, difu ya kati hufanya kazi safari nzima kana kwamba gari liko kwenye kona isiyokwisha. Subaru ni wakali zaidi: hutaka tofauti ya mzunguko isizidi robo inchi, ambayo ni kama milimita moja tu ya meno.

Hilux, D-Max na Land Cruiser za 70 zina nafuu, kwa sababu kwa kawaida huvuta nyuma tu. Tofauti ya mbele na nyuma haiumizi mpaka uingize gia ya kuvuta magurudumu yote manne.

Kwa hiyo tairi la 4x4 laweza kufa likiwa na afya yake, kwa kukosa wenzake wa rika.

Hatua ya 4: Upepo, asubuhi

Pima kabla gari halijatembea. Nambari sahihi iko kwenye kibandiko nguzo ya mlango wa dereva. Ile iliyoandikwa ubavuni mwa tairi ni kiwango cha juu kabisa, si cha kutembelea. Ukipima mchana baada ya safari utakuta imepanda. Usiipunguze, kesho asubuhi utakuwa chini. Na nunua kipimo chako mwenyewe, maana vya vituo vya mafuta kila kimoja kina yake.

Hatua ya 5: Zungusha

Kila kilomita 10,000, mbele yaende nyuma, nyuma yaje mbele. Spea ikiwa saizi na aina moja na wenzake, iingize kwenye zamu. Matairi yenye mshale ubavuni yabaki upande wake.

MASWALI

Kutoka Kisauni: Kaka, tairi langu limechanwa ubavu na jiwe la matumbawe njia za ndani za Bamburi. Matatu yaliyobaki yana milimita 6. Gari ni Subaru Forester. Ninunue moja tu?

Pole sana ndugu yangu. Ubavu hauzibwi, hilo limekwenda. Moja jipya kando ya matatu ya 6 nalo litaanza kuidai giaboksi. Tafuta kwanza la aina ile ile lililotumika, lenye milimita 6 au karibu, na usome tarehe yake. Ukikosa, ni manne. Najua inauma. Haya matatu yauze, kuna mwenye shida kama yako anayetafuta moja.

Kutoka Likoni: Mwanangu, gari langu lalala karibu na feri. Hii chumvi ya bahari si ndiyo inayokula matairi?

Shikamoo mama. Raba haiogopi sana chumvi. Chumvi hula chuma: rimu hushika kutu pale tairi linapokalia, upepo ukaanza kutoroka polepole, na valvu nazo huoza. Ukiona tairi moja lapungua kila wiki na fundi wa panchari haoni msumari, mwambie alitoe kwenye rimu, asugue kutu na abadilishe valvu. Na gari ulitafutie kivuli, mama. Jua ndilo adui.

Kutoka Changamwe: Ubavuni pameandikwa TREADWEAR 400. Ni kilomita 40,000?

Hapana. Ni ulinganisho tu na tairi la kipimo lililopewa 100, kwa majaribio yanayofanywa Texas, Marekani. La 400 litarajiwe kudumu kuliko la 200 la kampuni hiyo hiyo. Kulinganisha kampuni mbili kwa nambari hiyo, mimi siamini sana.

Kutoka Mtwapa: Naitrojeni je? Wananitoza kila tairi.

Upepo wa bure tayari ni naitrojeni asilimia 78. Pesa hizo nunua kipimo.

Kutoka Ukunda: Sheikh, Hilux yangu huiacha H4, ile gia ya kuvuta yote manne, hata kwenye lami ili magurudumu yote manne yavute sawa na matairi yaishe pamoja. Niko sawa?

Itoe leo. Hilux haina difu ya kati. Ukiingiza H4, mbele na nyuma vimefungwa pamoja, na kwenye kona magurudumu ya mbele hutaka kwenda njia ndefu kuliko ya nyuma. Kwenye mchanga au tope tairi huteleza kidogo, mambo yakaisha. Kwenye lami kavu halina pa kuteleza, basi meno husagika na vyuma hujikaza. Mchangani pia punguza upepo, lakini ukirudi lami ujaze kabla ya kwenda kasi, la sivyo ubavu utachemka.

Kutoka Ukunda: Nimeitoa. Kumbe ndiyo sababu ilikuwa ikiruka-ruka na usukani kuwa mzito nikikata kona nikiegesha. Nilishanunua pampu ya usukani.

Ile ya zamani umeitupa? Kama bado unayo, iweke.