SOMO: Kupima ulaji halisi wa mafuta kwenye gari ya haibridi, yaani yenye injini ya petroli pamoja na mota ya umeme (Aqua, Prius, Fielder, Vezel), kwa pampu sio kwa dashibodi

Wadau habari za majukumu. Nimekaa niandike hili mara moja liishe maana swali ni lile lile kila siku, mkuu Aqua inakula ngapi, mkuu mbona Prius yangu inakula kuliko ya jirani, na nikiuliza umepimaje naambiwa dashibodi inasema 24 au niliweka ya elfu hamsini ikaisha Ijumaa. Hivyo sio vipimo jamani. Elfu hamsini ya mwezi huu sio lita zile zile za mwezi ujao, hapa Tanzania EWURA, wasimamizi wa bei za mafuta, wanatoa bei kikomo mpya kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, Kenya nako wenzao EPRA wanatangaza tarehe 14, sasa ukipima kwa hela unakuwa umepima bei ya soko, gari hujaigusa. Unachotakiwa kujua ni vitu viwili tu, kilomita ulizotembea na lita zilizoingia.

1. Upepo. Pima asubuhi tairi zikiwa bado za baridi, fuata namba za stika iliyopo mlangoni kwa dereva.

2. Jaza fultenki. Hapa ndipo vipimo vya watu wengi vinapofia kwa hiyo soma taratibu. Mwambie mhudumu wa sheli ajaze mpaka pampu ikate yenyewe mara ya kwanza, kisha aache. Asiongeze. Tatizo ni kwamba wahudumu wengi wamezoea kusawazisha hela, pampu imekata kwenye 61,340 yeye anaendelea kubonyeza kidogo kidogo mpaka isome 65,000, na anafanya kwa nia njema kabisa asihangaike na chenji. Leo kakuongezea lita moja na ushee juu ya pale ilipokata, wiki ijayo unakuta mwingine anakata palepale, hesabu yako tayari ina kosa la zaidi ya lita moja. Kwenye haibridi inayotumia lita 20 tu kwa kilomita 400 hiyo lita moja ni asilimia 5 nzima, ndiyo ile tofauti unayokuja kubishana nayo hapa. Kwa hiyo: shuka kwenye gari, simama pale kwenye pampu, sema kabla hajaanza. Lipa kwa simu au kadi ili chenji isiwe sababu. Tumia sheli ile ile, pampu ile ile, gari ielekee upande ule ule, maana sakafu ya sheli ikiinama kidogo tenki linakata mapema au linachelewa, na nozo nazo hazikati sawa. Mwambie pia asifungulie kwa nguvu mpaka mwisho, povu linafanya pampu ikate kabla tenki halijajaa. Na hili la kushindilia mpaka shingoni ukiacha kuharibu kipimo linaharibu na gari, petroli inapita kwenye njia ya mvuke inaingia kwenye kopo la mkaa ambalo kazi yake ni kunasa mvuke, halikutengenezwa kunywa mafuta.

3. Rudisha trip mita A (kile kihesabu cha kilomita za safari) iwe sifuri. Bonyeza kitufe ukishikilie. Trip B nayo irudishe sifuri siku hii ya kwanza tu, halafu iache iendelee tenki zote, utaihitaji mbele.

4. Endesha unavyoendesha siku zote. Ukianza kunyata kwa sababu unapima, utapata namba ya mtu anayenyata.

5. Subiri tenki lishuke mpaka karibu na robo. Usilikaushe, haibridi ikiishiwa petroli inajikokota kwa betri kidogo halafu inagoma, na betri ile haitakiwi kumalizwa hivyo.

6. Rudi sheli ile ile, jaza mpaka ikate, chukua risiti na usome LITA. Gawanya. Mfano trip inasoma 412.6 na zimeingia lita 22.9, ni kilomita 18 kwa lita. Ukitaka kwa mtindo wa Ulaya ni lita mara 100 gawanya kwa kilomita, yaani 5.55 kwa kilomita 100.

7. Usipime safari fupi. Hili ni la haibridi peke yake na ndilo watu hawalielewi. Chukua Aqua ya kwanza ile ya NHP10, betri yake yote ni volti 144 kwa 6.5Ah, haifiki hata uniti moja ya umeme (kWh, zile zile za LUKU), na kompyuta hairuhusu itumike yote, inacheza katikati katikati, tuseme uniti 0.4. Lita moja ya petroli ina nishati ya kama uniti 9, injini inaambulia theluthi hivi, nyingine ni joto. Kwa hiyo betri ikitoka kujaa mpaka kushuka imekuokolea petroli ya kama lita 0.13. Kidogo sana, si ndiyo? Sasa angalia. Kwenye kilomita 10 ambapo gari ilitakiwa kutumia nusu lita, imetumia 0.37, kalkuleta inakupa 27 kwa lita wakati gari ni ya 20. Ule umeme hukupewa bure, injini itakuja kuurudisha kesho yake kwa petroli yako. Lakini kwenye kilomita 500 ambako zimeingia lita 25, hiyo 0.13 ni nusu asilimia, haina madhara. Ndiyo maana nasisitiza tenki zima, na ukiweza anza na umalize mistari ya betri ikiwa sawa.

8. Rudia tenki kadhaa, halafu jumlisha kilomita zote ugawanye kwa lita zote. Usichukue wastani wa majibu. Tenki la kwanza km 300 kwa lita 15 (20 kwa lita), la pili km 300 kwa lita 25 (12 kwa lita), ukijumlisha 20 na 12 ukagawa kwa mbili unapata 16, ukweli ni 600 kwa 40 yaani 15. Kilomita zote hizo zipo kwenye trip B.

9. Tairi. Kama umefunga saizi ambayo sio ya gari, odo, ile mita ya kilomita, inadanganya. Aqua nyingi zinakuja na 175/65R15, watu wanafunga 185/65R15 ili gari iinuke kidogo, hiyo ni kubwa kwa asilimia 2 hivi, kwa hiyo ukitembea km 102 odo inaandika 100 na wewe unalalamika gari inakula. Linganisha na GPS ya simu kwenye barabara ndefu iliyonyooka, pata asilimia yako, rekebisha.

Hayo tu. Maswali yaliyokuja nayaweka hapa chini na majibu yake.

Mdau wa Aqua, Mwanza: Mkuu somo zuri, sasa kwa kifupi Aqua inakula ngapi?

Jibu: Fuata hatua ya 1 mpaka 8 utajua yako inakula ngapi. Yangu haitakusaidia.

Mdau wa Dar: Mi nimepima kutoka Kimara mpaka Posta asubuhi imetoa 31 kwa lita. Sasa hiyo hesabu yako ya 18 unatuvunja moyo bure.

Jibu: Hatua ya 7 umeiruka. Kutoka Kimara unashuka, na betri ulianza nayo ikiwa imejaa. Rudi nyumbani jioni kwenye foleni AC ikiwaka, pima na huko kupanda, halafu unganisha zote mbili. Na 18 ni mfano wa kugawanya, sijasema ni ya gari gani.

Mdau, Morogoro: Samahani kaka, mimi kipato changu sio cha kujaza fultenki, naweka ya elfu ishirini leo, kesho kutwa thelathini. Kwa hiyo siwezi kupima?

Jibu: Unaweza kabisa, na swali lako ni zuri kuliko mengi hapa. Kinachotakiwa ni fultenki mbili tu, ya kuanzia na ya kumalizia, hata zikipishana mwezi mzima. Hapo katikati weka vyovyote unavyomudu, ila kila risiti iandike lita zake usiruke hata moja. Siku unajaza ya mwisho, jumlisha lita zote za katikati pamoja na hizo za mwisho, za ile fultenki ya kwanza usizihesabu kwa sababu ndizo zilizokuwa mstari wa kuanzia. Gawanya kilomita kwa jumla hiyo. Tena kipimo chako kitakuwa kizuri kuliko cha anayejaza tenki moja, maana kosa la kukata kwa pampu limegawanyika kwenye lita nyingi. Kuna programu ya simu inaitwa Fuelio, inakubali kuandika kujaza nusu nusu na inapiga hesabu yenyewe.

Mdada wa Prius, Nairobi: Hii kitu nimeifuata vile umesema. Kwa jam za mjini napata poa, nikienda Nakuru ndio inakunywa. Si highway ndio inafaa kuwa poa?

Jibu: Dada, kwa gari ya kawaida ndiyo, kwa haibridi inageuka. Mjini kila ukikanyaga breki gari inarudisha umeme kwenye betri na injini inazima ukisimama, faida yote ya haibridi ipo pale. Ukiwa na 110 mfululizo hakuna breki ya kuvuna, ni injini inapambana na upepo, na upepo unakua kwa mraba wa mwendo, kutoka 80 kwenda 110 unakaribia mara mbili. Na kabla ya Naivasha unapanda sana. Pima tenki moja kwa 80 hadi 90 njia hiyo hiyo kwenda na kurudi, utuletee majibu, nayahitaji kwa kweli.

Mdau: Kwani ile 35.4 kwa lita ya kwenye makaratasi ya Aqua ni uongo wa Wajapani?

Jibu: Sio uongo, ni mtihani tofauti na maisha yako. Ile ni ya kipimo cha Kijapani kinachoitwa JC08, gari inafungwa kwenye roli ndani ya jengo, AC imezimwa, dakika 20, wastani wa mwendo ni kilomita 24 na ushee kwa saa na haivuki 82. Kwa kipimo cha zamani zaidi cha 10-15 gari hiyo hiyo waliiandika 40. Tangu 2017 Japani wameanza kuandika za kipimo kipya cha WLTC ambazo ni kali zaidi, kwa hiyo ukinunua gari usilinganishe namba ya JC08 na ya WLTC, angalia imeandikwa ipi.

Mdau: Haibridi ni mzigo tu, betri ikichoka inakunywa kama V8, yale magari ya injini kubwa ya silinda nane. Bora Toyota IST ya petroli tupu.

Jibu: Umepima au umesikia? Faida kubwa ya kuandika risiti ni hiyo hiyo, betri ikianza kuchoka, au breki ikianza kushika, namba zinashuka tenki baada ya tenki kabla taa haijawaka. Mwenye daftari anajua mapema. Asiye nalo anakuja hapa na V8.

Mdau wa Fielder, Dodoma: Zangu zimeshuka kutoka 19 mpaka 16 kama ulivyosema, tairi sawa, breki fundi kazikagua haziburuzi. Nianzie wapi?

Jibu: Dodoma vumbi, anza na feni ya betri. Betri inapozwa na hewa ya ndani ya gari, kuna matundu ya kuvutia hewa huko nyuma karibu na siti, yakiziba kwa vumbi na nywele za zulia betri inapata joto na kompyuta inaibana, injini inafanya kazi zaidi. Zima gari, toa kifuniko cha matundu, kama kina chujio kinyonye kwa mashine ya kufyonza vumbi au brashi laini, usikipulizie upepo wa kompresa kuelekea ndani. Waya za rangi ya chungwa usiziguse kabisa, hizo ni za volti kubwa, kufungua feni yenyewe mwachie fundi wa haibridi mwenye glovu zake. Na usirundike mizigo au begi mbele ya hayo matundu.

Mdau wa Fielder, Dodoma: Nimefungua, kimejaa blanketi la vumbi. Nasafisha kesho, najaza Jumamosi naanza trip upya.

Jibu: Safi. Pampu ile ile, na simama pale akijaza.