Kupasha moto injini ya nitro kabla ya kuiwasha: mwongozo kwa wanaokimbiza magari ya rimoti Malindi

Jua la Malindi huwadanganya wengi. Kipimajoto kinasoma nyuzi 31 kivulini, shati limelowa jasho, na mtu anajiambia injini ya nitro (ile ndogo inayotumia mafuta ya methanoli na nitro) ya gari lake la rimoti imekwisha kupata moto, ya nini tena kuhangaika na hita? Anaiweka kwenye stata (kisanduku cha umeme cha kuizungushia injini), anabonyeza, stata inaguna na kukwama. Injini hiyo ni baridi. Imeundwa kufanya kazi kati ya nyuzi 95 na 120 za Selsiasi, kwa hiyo nyuzi 31 za pwani haziifikishi popote. Hali ya hewa ya kwetu hupunguza muda wa kupasha. Haja ya kupasha iko pale pale.

Injini nyingi za mashindano, za 2.1 cc na 3.5 cc, pistoni zake hazina ringi. Pistoni ni ya aluminiamu yenye silikoni nyingi, na hupanda na kushuka ndani ya slivu (bomba la ndani la silinda) ya shaba ya manjano iliyopakwa kromu. Ndizo zinazoitwa ABC. Kinachozuia mgandamizo usivuje ni umbo la slivu: juu ni nyembamba kidogo kuliko chini, hivyo pistoni ikifika kileleni hubanwa. Injini ikishika kazi, sehemu ya juu ndiyo hupata joto kali zaidi, inatanuka kuliko ya chini, na slivu inanyooka. Kipenyo cha silinda ya 3.5 cc ni kama milimita 16. Ukipandisha joto la slivu kwa nyuzi 60, kipenyo hicho huongezeka kwa milimita 0.018 hivi, kama robo ya unene wa unywele. Ni kidogo, lakini mbano wenyewe nao huhesabiwa kwa mia za milimita.

Ukiiwasha baridi, pistoni inalazimishwa kupita penye mbano huo maelfu ya mara kwa dakika. Mzigo wote unaangukia konrodi (mkono unaounganisha pistoni na kranki), hasa tundu lake la chini linaloshika pini ya kranki. Hapo ndipo injini nyingi zinapofia, na mwenyewe hulaumu mafuta.

Injini zenye ringi, pamoja na zile kubwa za petroli za magari ya 1/5 (yenye ukubwa wa sehemu moja ya tano ya gari halisi), hazina mbano wa namna hii. Hizo usizipotezee betri.

Hita, betri na kipimajoto

Hita ya kawaida hutumia volti 12. Kuna aina mbili: ya kuvalishwa juu ya hedi (kichwa cha injini), kwenye mapezi ya kupozea, na ya kubandikwa chini au nyuma ya mwili wa injini. Kwa ABC tunapendelea ya juu. Joto huanzia kwenye slivu, penye mbano, na slivu hutangulia kutanuka huku pistoni iliyo chini ikiwa bado na ubaridi wake. Hita ya chini nayo hufanya kazi, ila huchelewa, na huipasha kabureta kabla ya wakati.

Soma wati za hita kabla ya kuchagua betri. Hita ya wati 60 huvuta ampia 5, na kwa dakika 15 itakula 1.25 Ah (ampia-saa). Betri ya bodaboda ya 5 Ah itakutosha mara mbili tu, maana betri ya risasi na asidi haipendi kushushwa chini ya nusu. LiPo (betri ya lithiamu) ya seli 3 ya 5000 mAh, yaani 5 Ah, itavumilia mara tatu. Iwekee king'ora cha volti, kwa sababu hita nyingi hazijizimi zenyewe na zitaendelea kunyonya hadi seli zife. Betri ya gari ya 40 Ah itakuhudumia siku nzima. Usiunganishe hita na stata kwenye betri moja, la sivyo stata utaikuta imelegea pale unapoihitaji iwe na nguvu.

Kipimajoto kiwe cha infraredi cha mafundi, kinachosoma hadi nyuzi 200 au zaidi. Kile cha kupimia paji la uso kilichojaa milangoni wakati wa Korona hakifai, maana kimetengenezwa kwa joto la mwili na kikipita nyuzi 40 na kitu hukataa kusoma. Jambo jingine ambalo wengi hawalijui: aluminiamu inayong'aa hukidanganya kipimajoto cha infraredi, kikasoma chini ya joto halisi, pengine kwa makumi ya nyuzi. Elekeza ndani ya shimo la gloplagi (plagi inayowasha mafuta) pale juu, palipoingia weusi wa mafuta, au paka doa la rangi nyeusi inayovumilia joto karibu na gloplagi na upime hapo kila siku. Pima kwa umbali wa sentimita 3 hadi 5. Ukisogea mbali, kitachanganya joto la injini na la chesisi.

Kupasha kwenyewe

Anza na tangi tupu. Methanoli, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mafuta ya nitro, hutoa mvuke unaoshika moto kuanzia nyuzi 11 hivi. Malindi hakuna saa wala mwezi ambao mvuke huo haupo. Mbaya zaidi, moto wa methanoli mchana hauonekani. Utahisi mkono unaungua kabla hujaona kitu. Weka karibu kizimamoto cha poda na ndoo ya maji (methanoli huchanganyika na maji, hivyo maji mengi huizima), na mafuta yakae kwenye mkebe wake wenye maandishi, kamwe si kwenye chupa ya soda. Ni sumu inayopofusha.

Zungusha flaiwili (gurudumu zito la kranki) kwa mkono hadi pistoni iwe chini kabisa. Utajuaje? Toa gloplagi, ingiza kijiti cha mbao taratibu, zungusha, uone kinaposhuka mwisho. Ukishapapata, tia alama kwenye flaiwili kwa kalamu ya wino usiofutika, usirudie kazi hiyo tena. Alama hii ina faida mbili: wakati wa kupasha, slivu inatanuka bila pistoni kuing'ang'ania, na baada ya mbio, injini inapoa bila pistoni kukwama kileleni.

Gloplagi ikiwa nje, tia matone mawili au matatu ya mafuta ya kuhifadhia injini na uzungushe mara chache. Kama injini ni mpya na inagoma kupita kileleni, usiilazimishe kwa bisibisi. Iache, itapita yenyewe ikipata moto. Rudisha gloplagi, kaza bila kutumia nguvu, kwani meno ya skrubu kwenye hedi ni ya aluminiamu na yakiharibika umenunua hedi nyingine.

Vaa hita, unganisha betri, angalia saa. Kwa joto la hapa na hita ya wati 60, injini ya 3.5 cc hufika nyuzi 80 kwa dakika 8 hadi 12. Wakati wa kusi, hasa Juni na Julai, upepo wa baharini hunyang'anya joto hilo kwa kasi ya ajabu, na dakika 12 hugeuka 20. Dawa ni kulikinga gari: boksi la katoni, upande mmoja wazi, mgongo kwenye upepo. Kaskazi huleta joto zaidi, ila nayo hupuliza, kwa hiyo boksi lisiachwe nyumbani.

Shabaha ni nyuzi 80 hadi 95 karibu na gloplagi. Injini iliyokwisha kuzoea kazi, ambayo mbano wake umelegea kidogo, inatosheka na 70. Ikifika, usikimbilie kuzima. Iache dakika mbili au tatu joto lishuke kwenye mwili wa injini, mwili nao utanuke uilegeze slivu, na mafuta mazito yaliyobaki kwenye beringi yayeyuke. Kisha jaribu kwa mkono: zungusha flaiwili polepole. Inapaswa kupita kileleni ikiwa na ukinzani wa hewa, si ule mkwaruzo mkavu wa chuma. Ukisikia bado inalia, ongeza dakika tano.

Kuzidisha nako kuna hasara. Methanoli huchemka kwenye nyuzi 65 hivi. Kabureta ikipata joto la namna hiyo, mafuta yanageuka povu ndani ya bomba, injini inawaka sekunde chache na kufa, na wewe unaanza kuchezea sindano ya kabureta (ya kurekebishia mafuta) ambayo haikuwa na kosa. Ndiyo sababu joto tunalipeleka kwenye hedi, kabureta tunaiacha ikae pembeni.

Ukiwa huna hita

Mashine ya hewa moto wanayotumia mafundi wa kubandua rangi inafanya kazi kwa dakika 4 hadi 6. Ya kukaushia nywele ya saluni nayo inaweza, ukiwa na subira ya dakika 15 na stima. Ile ya mafundi ishike sentimita 10 kutoka kwenye hedi, upande usio na kabureta, na uizungushe bila kusimama mahali pamoja. Hewa yake hupita nyuzi 300: itayeyusha tangi, itakunja mabomba ya mafuta na kukausha mpira wa ekzosi. Funika tangi kwa kitambaa kilicholoweshwa maji. Tangi lililo na mafuta, hata kidogo, na mashine ya hewa moto visikutane mahali pamoja. Jiko la mkaa na kiberiti cha gesi hatuvitaji kwa sababu havistahili kutajwa.

Kuacha gari juani? Hedi nyeusi juani itafika nyuzi 50 na kidogo. Inafupisha muda wa hita, haichukui nafasi yake, na jua hilo hilo linapika betri za rimoti na kulainisha matairi.

Kuiwasha

Hapa ni kazi ya haraka. Toa hita, jaza tangi (la 125 cc kwa bagi, yaani gari la mbio za vumbini, ya 1/8), ziba mdomo wa ekzosi kwa kidole kilichovikwa kitambaa na uguse stata kwa sekunde moja mpaka uone mafuta yamefika kwenye kabureta. Basi, usiongeze. Injini yenye moto haihitaji kunyweshwa kama baridi. Weka kiwashio cha gloplagi, weka gari kwenye stata, bonyeza. Tangu kutoa hita hadi kuwaka isipite dakika moja na nusu.

Stata ikikwama ghafla ilhali injini ina moto, shuku mafuta yaliyojaa juu ya pistoni. Kimiminika hakigandamiziki, ukibonyeza kwa nguvu, konrodi inapinda. Toa gloplagi, geuza gari kichwa chini, kitambaa juu ya shimo, gusa stata mara mbili yamwagike. Kiwashio kiwe kimeondolewa na kuwekwa mbali wakati huo.

Wapo wanaolegeza gloplagi mzunguko mmoja ili stata ipate kuzunguka. Ujanja huo unatoa hewa tu. Mbano wa chuma haujaguswa, na konrodi inaendelea kulipa.

Ikishawaka, iache ingurume taratibu kwa dakika moja au mbili. Hita ilipasha juu. Pistoni, kranki na klachi bado zinafuata. Kupiga resi mara tu inapowaka ni kuipa pistoni nafasi ya kutanuka kuliko slivu, na mikwaruzo ya wima utakayoiona ukifungua hedi itakuwa imezaliwa hapo.

Dalili za injini iliyozoea kuwashwa baridi

Tazama mafuta yanayotoka kwenye ekzosi. Yakimetameta kama yana unga wa fedha, hiyo ni pistoni inayokwanguliwa. Injini inayowaka vizuri asubuhi lakini ikipata moto inazima kila ukiachia resi, mbano wake umekwisha. Hakuna sindano itakayoirudisha, ni pistoni na slivu mpya. Mlio wa kugonga kutoka chini ni konrodi iliyopanuka tundu. Simamisha siku hiyo hiyo, kwani ikikatika inaondoka na kila kitu.

Kwa injini mpya, kupasha ni lazima kwa kila tangi la mafuta la kuizoeza kazi, pamoja na la kwanza. Wazungu hufunga hedi kwa foili ili ishike joto wakati wa kuzoeza. Malindi foili hiyo mara nyingi huivusha injini nyuzi 120. Anza bila hiyo, pima, na uifunge nusu tu kama upepo wa kusi unaishusha chini ya 90.

Baada ya mbio

Injini iliyoshika kutu haipashiki vizuri, na pwani kutu haisubiri. Methanoli hunyonya unyevu wa hewa, chumvi ya bahari inaongezea. Siku ikiisha, toa mafuta tangini, washa injini ichome yaliyobaki mpaka ijizime, toa gloplagi, tia matone 10 ya mafuta ya kuhifadhia na matone machache kwenye kabureta, zungusha kwa stata sekunde mbili, kisha rudisha flaiwili kwenye alama yako, pistoni chini. Mkebe wa mafuta ufungwe saa ile ile. Uliokaa wazi chini ya mvinje mchana kutwa umeshakunywa maji, na injini itakuyumbia kesho yake hata ukiipasha vipi. Hita ipanguswe na ikae kwenye kisanduku kikavu pamoja na vipakiti vya kunyonya unyevu, kwa sababu viunganishi vyake vikipata ukungu wa kijani, ampia 5 hazipiti tena na utabaki kushangaa mbona dakika 12 zimekuwa 30.