Jinsi ya Kuandika Historia ya Reli Iliyopita Katika Mji wa Gulio

Anza na gulio kabla ya treni. Mji uliokuwa na siku yake ya soko kabla ya reli una historia tofauti na mji uliochipuka kando ya stesheni. Ukiweka pamoja ramani ya kabla ya ujenzi na ya baada yake, utaona barabara zilielekea wapi na stesheni ilijengwa umbali gani kutoka uwanja wa soko.

Kinachowaponza wengi ni tarehe. Usiandike kwamba reli "ilifunguliwa" mwaka fulani kabla ya kutenganisha mwaka wa kibali, wa kuanza ujenzi, wa mzigo wa kwanza na wa abiria wa kwanza. Reli ya Stockton na Darlington nchini Uingereza ilipata kibali cha Bunge mwaka 1821 na kuzinduliwa Septemba 1825, lakini injini zake za mvuke zilivuta hasa makaa ya mawe, huku mabehewa ya abiria yakikokotwa na farasi hadi mwaka 1833. Kufungwa nako kunahitaji uangalifu uleule: ripoti ya mwaka 1963 ya Richard Beeching, mwenyekiti wa bodi ya reli za Uingereza, ilipendekeza stesheni zaidi ya 2,000 za nchi hiyo zifungwe, ila baadhi ya njia zilizotajwa zilinusurika, kwa hiyo tarehe ya pendekezo haiwezi kusimama badala ya tarehe ya treni ya mwisho.

Kisha tafuta ratiba za zamani na vitabu vya mizigo, ambavyo kwangu vina thamani kuliko hotuba zote za uzinduzi. Linganisha saa za treni na siku ya gulio: je, iliongezwa treni siku hiyo? Ni mifugo au nafaka iliyopakiwa, na ilipungua lini?

Unapowahoji wazee, usiwadai mwaka. Waulize nani alishuka na mzigo gani, kisha upate mwaka kwa kuuhusisha na tukio linalojulikana.

Mwisho, tembea njia yenyewe kwa ruhusa ya wahusika, ukitazama tuta, makalvati (mifereji ya kupitisha maji chini ya njia), ghala na mabaki ya mazizi ya kupakilia mifugo. Ukikuta mwaka umechapwa ubavuni mwa reli, kumbuka kwamba ni mwaka wa kutengenezwa kwa chuma hicho, ambacho huenda kilitumika kwanza kwenye njia nyingine kabla ya kuletwa hapo.