Umealikwa wikendi kwenye nyumba ya mapumziko: mambo ya kuzingatia kabla ya kwenda

Mtu akikualika kwenye nyumba yake ya mapumziko, kumbuka kwamba naye anakwenda kupumzika. Ameisubiri Ijumaa wiki nzima kama wewe. Kwa hiyo maandalizi yaanze kwenye simu, siku tatu nne kabla ya kufunga begi.

Muulize mfike saa ngapi na muwe mmeondoka saa ngapi. Saa ya kufika kila mtu huiuliza. Ya kuondoka watu huona haya kuitaja, na ndiyo inayomtesa mwenyeji, maana Jumapili bado ana kufagia, kukusanya mashuka na kufunga nyumba kabla hajashika njia. Mwambie mko wangapi hasa na nani hali nini. Usiongeze rafiki dakika za mwisho, vitanda vimeshahesabiwa.

Ninaloomba ulichukulie kwa uzito kuliko yote ni maji na choo. Nyumba nyingi za aina hii ziko mbali na mabomba ya mji: maji ni ya tangi, na maji machafu huishia kwenye shimo uani. Bomba la mvua la kawaida humwaga lita 8 hadi 10 kwa dakika. Watu 6 wakioga dakika 10 kila mmoja, lita 500 zimekwenda, yaani nusu ya tangi la lita 1,000, na hakuna aliyepika bado. Basi uliza tangi lina ukubwa gani na hujazwaje. Ukioga, jiloweshe, funga bomba, jipake sabuni, kisha fungua tena.

Shimo nalo hutegemea bakteria wanaomeng'enya uchafu, kwa hiyo dawa kali za kusafishia zikimwagwa kwa wingi huwaua. Karatasi ya chooni husambaratika majini. Pedi, nepi na vile vitambaa vyenye unyevu vya kumfutia mtoto havisambaratiki hivyo, hata paketi iseme nini, na bomba likiziba Jumamosi usiku, fundi utampata wapi? Beba mifuko midogo ya kuvitia. Mafuta ya kukaangia pia yasiende kwenye sinki.

Kama umeme ni wa sola, uliza kabla ya kuchomeka chochote kinachotoa joto. Birika la umeme huvuta wati 2,000 hivi. Chaja ya simu ya kawaida, 10 hadi 20 tu.

Mashuka na taulo beba yako, isipokuwa umeambiwa yapo.

Kuhusu chakula, ukiuliza "tulete nini?" utajibiwa "njooni tu". Sema badala yake: "Chakula cha Jumamosi usiku ni chetu." Halafu kilete kizima, pamoja na chumvi na mafuta, mpike nyinyi na vyombo muoshe nyinyi. Nimeona wageni wakileta nyama nzuri, kisha mwenyeji akasimama jikoni kwa muda wa saa mbili kuwapikia. Hiyo si zawadi, ni kazi.

Kukiwa na bwawa, ziwa au bahari jirani, kubalianeni kabla ya safari ni mtu mzima yupi atamwangalia mtoto, na kwa zamu zipi. Usidhani mwenyeji anamwona.

Begi la kurudia lipangeni Jumamosi usiku, ili asubuhi ibaki ya kutandua vitanda, kuchungulia soketi kama kuna chaja iliyosahaulika, na kuondoka na takataka zenu iwapo gari la taka halifiki huko. Kikombe ulichokivunja, mwonyeshe vipande ukiwa bado hapo. Akivikuta mwenyewe wiki mbili baadaye, hatajua ni wewe au mgeni aliyekufuata, na hatapenda kumuuliza yeyote kati yenu.