Kuhesabu kromosomu za mwembe kutoka kwenye ncha ya mzizi

Kila seli ya mwili wa mwembe ina kromosomu (nyuzi zinazobeba vinasaba) 40, tena ndogo sana. Zikirundikana huwezi kujua kama unaona mbili au tatu, kwa hiyo kazi kubwa ni kuzitawanya.

1. Otesha. Tumia kokwa za maembe yaliyoliwa karibuni, maana mbegu ya embe ikikauka hufa. Fungua ganda gumu kwa mkasi wa kupogolea, toa mbegu bila kuijeruhi, ifukie kwenye mchanga wenye unyevu. Mbegu moja ikitoa miche miwili au mitatu ni kawaida kwa aina nyingi za embe; ipe kila mche namba yake.

2. Kata. Mizizi ikifika sentimita 1 hadi 2, kata ncha asubuhi. Chagua nyeupe zilizo imara. Zilizogeuka kahawia ziache.

3. Simamisha seli. Loweka ncha kwenye hidroksikwinolini ya 0.002 M (moli kwa lita) kwa saa 3 hadi 4, mahali penye nyuzi 18 za Selsiasi hivi. Dawa hii huzuia seli katikati ya kugawanyika na kufupisha kromosomu. Tafadhali usiiruke hatua hii. Bila hiyo utaona uzi uliosokotana tu.

4. Hifadhi. Suuza, kisha weka kwenye ethanoli sehemu 3 na asidi asetiki kali sehemu 1, zilizochanganywa siku hiyohiyo. Baada ya saa 24 hamishia kwenye ethanoli ya asilimia 70, ndani ya friji.

5. Lainisha. Asidi hidrokloriki ya normali 1, nyuzi 60, dakika 8 hadi 10. Vaa glavu na miwani. Suuza.

6. Ponda. Hapa mkono ndio unaoamua. Bakiza milimita 1 ya mwisho tu juu ya slaidi (kioo cha darubini), weka tone la asetokamini, rangi nyekundu inayoonyesha kromosomu, subiri iive rangi. Funika kwa kioo chembamba, gongagonga taratibu kwa kitako cha penseli mpaka kipande kitawanyike kama ukungu. Funga kwa karatasi ya kunyonya, bonyeza kwa dole gumba wima. Kifuniko kikiteleza hata kidogo, seli hujiviringisha na slaidi imekwisha.

7. Hesabu. Tafuta kwa lenzi ya darubini ya x10, hesabu kwa x100 yenye mafuta. Chora kila kromosomu unayoiona. Niliwahi kupata 38 na kufurahi. Nilipochora, nikakuta mbili zimelaliwa na nyingine. Hesabu seli 10 zilizotawanyika vizuri, kutoka mizizi tofauti, ndipo uandike namba.