Moto bwenini usiku: jinsi ya kupanga namna ya kuwatoa wanafunzi

Agosti 2009 bweni la wasichana la Sekondari ya Idodi, Iringa, liliungua usiku na wanafunzi 12 wakafariki. Shauritanga, Rombo, mwaka 1994, walizidi 40, usiku vilevile. Matroni, patroni na mwalimu wa zamu, hizi ndizo hatua ninazofuata ninapoitwa shuleni kupanga.

1. Ufunguo kwanza. Nenda bwenini baada ya taa kuzimwa, uulize ufunguo uko kwa nani. Ukiambiwa uko nyumbani kwa matroni, ng'ambo ya uwanja, usiendelee na hatua nyingine. Najua mnafunga kwa sababu ya wezi na watoro. Hao ni kazi ya mlinzi. Bweni liwe na komeo la ndani linalofunguka bila ufunguo, na milango miwili, kila mmoja upande wake, yote ifunguke kwa nje. Mlango unaovutwa ndani hubanwa na watoto wanaosukumana. Madirisha yenye nondo, mwite fundi wa kuchomelea ayatie bawaba yafunguke kutokea ndani.

2. Njia. Matranka yakae chini ya vitanda, si katikati. Moshi hupanda, kwa hiyo wa deka ya juu huuvuta kwanza: wafundishwe kushuka na kutoka wameinama. Mwenye pumu, kifafa au ulemavu alale karibu na mlango, na wenzake wawili wapewe jukumu la kumtoa, kwa majina.

3. Kengele. Harufu ya moshi haimwamshi aliyelala fofofo, na kengele ya umeme huwa bubu umeme ukikatika. Tundikeni rimu ya gari, pigo lake lisifanane na la chakula. Kila anayeamka amtikise wa juu au wa chini yake.

4. Pa kukusanyikia. Hapa ndipo miongozo ya Dar es Salaam inapotuacha. Usiku wa baridi kali wa Julai, Makete au Njombe, mtoto aliyetoka na kanga tu atarudi ndani kufuata sweta. Kumkataza hakutoshi. Wekeni mablanketi ya akiba bwaloni au jengo lingine, na wanafunzi wayaone mapema, wajue yapo. Baridi hiyohiyo ndiyo inayoingiza jiko la mkaa bwenini. Likatazwe kabisa, hewa yake huua hata pasipo moto.

5. Kuhesabu. Orodha ya waliolala usiku huo ibaki kwa mlinzi getini, ikionyesha walio zahanati na walioruhusiwa nyumbani. Viranja waite majina kitanda kwa kitanda. Pigeni 114, namba ya zimamoto, mapema, mkitaja kijiji na njia ya kuingilia. Zimamoto wakifika waambieni nani hajaonekana na kitanda chake kiko wapi. Kwa shule zilizo mbali na mji gari litachukua muda, kwa hiyo namba za majirani ziwe kwa mlinzi pia.

6. Zoezi. La kwanza mchana, taratibu. Linalofuata saa nane usiku, wanafunzi wasijue. Mwenyekiti wa kijiji ajulishwe, la sivyo mtajaza uwanja watu wenye marungu wakitafuta mwizi. Pima muda tangu pigo la kwanza hadi jina la mwisho kuitikiwa. Wakishazoea, simamisha mwalimu kwenye mlango mmoja awe ndiye moto, uone wangapi watageuka kuelekea wa pili bila kuelekezwa.